Kwenda Butiama kwa Baiskeli: Jiandae Usiwe Mzigo wa Msafara

Mara yangu ya kwanza kwenda Butiama kwa baiskeli, pancha ya tatu ilinikuta Gairo. Tyubu ilikuwa imechanika mdomoni, mahali ambapo kiraka hakishiki, na mbili za akiba nilishazimaliza. Fundi wa pembeni mwa barabara, kijana mchangamfu mwenye beseni la maji na kopo la solusheni, alikuwa na tyubu za inchi 28 na za 26. Ya tairi langu jembamba hakuwa nayo, wala hakuwahi kuulizwa. Mwenzangu mmoja, mwalimu mstaafu, akafungua mkoba wake na kunipa tyubu yake ya mwisho. Mbele ya Kibaigwa, tairi lake likaingia shimoni na tyubu ikapasuka. Alikaa chini ya mti muda wa saa mbili akisubiri gari la msafara. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshafika kituoni, nimeoga, nangojea wali.

Jioni alipofika hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, tyubu zako zilikuwa ngapi?" Swali hilo ndilo lililonifundisha kujiandaa. Ukisafiri peke yako, uzembe wako unakugharimu mwenyewe. Kwenye msafara, unamgharimu aliyekuwa nyuma yako, aliyekuwa mbele yako, na dereva wa gari la huduma. Haya yafuatayo nimeyaandika kwa ajili yako unayefikiria kujiunga, ili usije ukaulizwa swali kama lile.

Ijue njia

Kwa miaka ya karibuni, msafara wa Twende Butiama umekuwa ukiondoka Dar es Salaam kuelekea nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, kuadhimisha Siku ya Nyerere, 14 Oktoba, tarehe aliyofariki mwaka 1999. Waandaaji ndio wenye kupanga njia na vituo vya kulala, kwa hiyo soma ratiba yao kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Hapa nitaifuata barabara kuu ya kati: Dar, Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga, Mwanza, Bunda, kisha Butiama. Ni zaidi ya kilomita 1,300 na inagusa mikoa kumi. Ukizigawa kwa siku 12, kila siku inakudai zaidi ya kilomita 100.

Kilomita hizo hazifanani. Kutoka Dar hadi Morogoro adui ni malori na joto. Hapo unachangia barabara na mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Msamvu, pale Morogoro, yanayokwenda Zambia yanachepuka kuelekea Mikumi, na wewe unashika Dodoma pamoja na yaliyobaki. Nafuu ya kweli inakuja Tinde, baada ya Nzega, ambapo ya Rwanda na Burundi yanakata kwenda Kahama na wewe unanyoosha Shinyanga.

Milima nayo ina desturi zake. Morogoro iko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, Dodoma imepita 1,100, na ukiipita Dumila utaanza kulipa tofauti hiyo kidogokidogo mpaka Gairo. Kutoka Dodoma unashuka hadi bonde la Bahi, ukidhani siku imekwisha vizuri, kumbe Manyoni iko juu ya ukingo wa bonde la ufa na lazima uupande saa za jua kali. Baada ya Singida kuna Sekenke. Huo ni mteremko, na mteremko ndio unaojeruhi watu: breki dhaifu, kona, na lori linalopanda upande wa pili.

Habari njema ni upepo. Msimu wa kiangazi, Dodoma na Singida upepo mwingi huvuma kutoka mashariki, na wewe unaelekea magharibi. Anayetoka Butiama kuja Dar kwa baiskeli ana kesi nyingine kabisa.

Miezi mitatu ya mwili

Ukianzia kwenye hali ya kawaida, yaani unaendesha mara mojamoja na huna ugonjwa, wiki 12 zinatosha. Kabla ya hapo pima presha na sukari, hasa ukishavuka miaka 40. Mganga wa msafara hapaswi kuwa mtu wa kwanza kugundua presha yako.

Panga siku tatu au nne kwa wiki. Mbili za katikati ya wiki ziwe fupi, saa moja hadi moja na nusu. Moja ya mwendo wa kawaida, nyingine ya vilima. Jumamosi iwe siku ya safari ndefu. Anza na kilomita 40, ongeza taratibu kiasi cha sehemu moja ya kumi kila wiki, na kila wiki ya nne punguza ili misuli ijijenge. Anayeishi Dar, barabara ya Bagamoyo alfajiri inafaa kwa masafa, kwani kwenda na kurudi ni kama kilomita 130. Kwa vilima kuna Pugu na Kisarawe. Wa Moshi na Arusha hawahitaji kufundishwa mahali pa kupanda.

Wengi hujiandaa kwa kilomita 120 za siku moja, wakasahau kwamba Butiama ni kilomita 100 leo, kesho, na keshokutwa. Kwa hiyo kuanzia wiki ya saba fanya Jumamosi na Jumapili mfululizo. Jumapili asubuhi ndipo utakapojua ukweli kuhusu siti yako, mgongo wako na viganja vyako. Wiki ya mwisho punguza hadi nusu. Huwezi kuongeza nguvu siku tano kabla ya safari, ila unaweza kuongeza uchovu.

Na angalau mara nne, fanya mazoezi na kundi. Tafuta klabu ya mtaani kwako. Kuendesha nusu mita nyuma ya gurudumu la mtu ni ufundi wa peke yake, na Chalinze si mahali pa kuuanza.

Baiskeli na fundi wako

Si lazima uwe na baiskeli ya bei mbaya. Ya mbio inakwenda kasi lakini inataka tairi na tyubu zake. Ya milimani, ukiivisha tairi laini lisilo na meno, inachoka polepole na vipuri vyake vinapatikana kila mji. Usukumani, kuanzia Shinyanga hadi Magu, baiskeli ni chombo cha kila siku na mafundi ni wengi, lakini ujuzi wao na akiba yao viko kwenye baiskeli za huko, si kwenye gia 22 na breki za mafuta. Usichoweza kukitengeneza mwenyewe, hakikisha ni kipya kabla hujaondoka.

Mpelekee fundi baiskeli mwezi mmoja kabla, si siku moja kabla. Mwambie unaenda Butiama. Abadilishe cheni kama imelegea, nyaya za breki na gia, vipande vya breki, na akaze spoki akizigonga moja baada ya nyingine; iliyolegea inatoa mlio mzito. Kisha iendeshe wiki tatu, maana nyaya mpya hunyooka na gia huanza kuruka.

Siti ndiyo inayowashinda watu, si miguu. Kaa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litabaki na mkunjo mdogo. Siti ya chini inaua magoti, ya juu inachubua. Vaa kaptula ya baiskeli yenye sponji bila chupi ndani, paka Vaseline, na ukifika tu, ivue uoge. Kama unavaa hijabu au kanga juu ya nguo za baiskeli ni sawa kabisa, mradi hakuna pindo linaloning'inia karibu na cheni.

Miba

Kutoka Dodoma kwenda Singida kuna miti ya migunga, na kando ya lami kuna mbigili, vile vimbegu vyenye pembe ambavyo daima hutua pembe moja ikiangalia juu. Utapata pancha. Iliyo nafuu ni pancha moja. Ya kuudhi ni ile inayorudi baada ya dakika kumi kwa sababu mwiba bado uko ndani ya tairi.

Fanya hivi. Kabla hujaitoa tyubu, weka alama kwa chaki mahali mdomo wake ulipogusa tairi. Itoe, ijaze upepo, isogeze karibu na mdomo wako. Ngozi ya midomo inahisi upepo kabla ya sikio kuusikia. Ukipata tundu, irudishe tyubu sambamba na tairi kwa kufuata ile alama: mwiba uko hapo, au upande wa pili kwa umbali uleule. Sasa pitisha kipande cha pamba ndani ya tairi lote. Usitumie kidole, ncha ya mgunga haikwepeki. Pamba itanasa palipo na ncha, hata ile isiyoonekana. Ichomoe kwa koleo dogo. Kisha sugua tyubu kwa msasa, paka solusheni, na subiri ikauke mpaka isinate kidoleni. Hapo ndipo wengi wanaharibu: wanabandika ingali mbichi, kisha wanalaumu kiraka.

Beba tyubu tatu za saizi yako hasa, viraka kumi, solusheni mbili kwa sababu iliyofunguliwa hukauka, pampu, vijiko vya kutolea tairi, funguo za pembe sita, kiungo kimoja cha cheni na spoki mbili. Tyubu ya kwanza ni yako. Ya pili ni ya bahati mbaya. Ya tatu hesabu kwamba ni ya mwenzako.

Kuifikisha baiskeli Dar

Kuna watu walioshindwa safari kabla haijaanza. Mwaka mmoja niliisafirisha baiskeli kwa basi kutoka mkoani. Niliiingiza kwenye buti jinsi ilivyo, nikampa utingo hela ya soda, nikaenda kukaa. Njiani wakapakia magunia ya viazi. Nilipoipokea, mkono wa gia ya nyuma ulikuwa umepinda ukagusa spoki, na siku iliyokuwa ya kupumzika niliimalizia Kariakoo nikitafuta kipuri. Kosa lilikuwa langu.

Siku mbili kabla ya kusafiri, nenda duka la baiskeli uombe boksi la karatasi ngumu, huwa wanayatupa. Toa gurudumu la mbele, na katikati ya uma weka kipande cha mti ili usibanwe. Toa pedeli. Ya kulia inafunguka kama nati nyingine zote, lakini ya kushoto inafunguka kinyume, kwa kuzungusha mwelekeo wa mshale wa saa. Wengi wameharibu mkono wa pedeli kwa kutolijua hilo. Shusha siti, geuza usukani, punguza upepo. Funga gurudumu ubavuni mwa fremu kwa vipande vya tyubu kuukuu, na gia ya nyuma izungushie kitambaa. Andika jina lako, namba ya simu na neno JUU kwa kalamu nene, upande wa cheni ndio uwe juu.

Ofisini kwa basi nenda siku moja kabla. Sema ukweli kwamba ni baiskeli, uliza nauli ya mzigo, dai risiti. Asubuhi ya safari, mbele ya wapagazi na honi, huna nguvu ya kupatana. Na usipande mpaka umeona boksi limeingia na hakuna gunia juu yake.

Mabasi mengi ya mikoani huishia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Usijaribu kuunga baiskeli pale na kuteremka mjini na Barabara ya Morogoro saa za jioni. Kodi kirikuu, mgawane na mwenzako. Anayetoka Zanzibar kwa boti anaweza kuisukuma nzima, ila akifika aipanguse chumvi na kupaka cheni mafuta. Anayekuja kwa ndege aulize mapema uzito na ukubwa wa boksi, na asibebe vile vichupa vya gesi ya kujazia upepo.

Fika siku mbili kabla. Siku ya kwanza unga baiskeli na uizungushe kilomita 20, ili kilicholegea kilegee mjini. Siku ya pili lala.

Adabu ya msafara

Ndani ya kundi, aliye mbele anakata upepo kwa ajili ya wote. Aliye nyuma yake anaweza kuokoa robo ya nguvu zake au zaidi. Ndiyo maana watu hupokezana: dakika chache mbele, kisha unaangalia nyuma, unajitenga pembeni, unarudi mwisho wa mstari bila kukata kona ghafla. Ukiwa mbele usiongeze kasi kuonyesha umwamba. Kundi likikatika, umewatupa watu peke yao katikati ya malori.

Kaa kushoto. Pale penye lori nyuma, mstari uwe mmoja. Tairi lako la mbele lisiingie ubavuni mwa tairi la nyuma la mwenzako; akiyumba kidogo tu, wewe ndiye utakayeanguka. Usifunge breki ghafla. Na paza sauti: "Shimo!" "Tuta!" "Gari nyuma!" Neno lipokewe na lirudiwe hadi wa mwisho, kama watu wanaopokezana ndoo za maji. Aliyenyamaza kwa aibu amemnyima wa nyuma taarifa.

Kwenye mteremko wa Sekenke, mstari ufumuke. Acheni nafasi ya baiskeli kumi kati yenu, na bonyeza breki kwa vipindi badala ya kuning'inia juu yake mpaka rimu iwe ya moto. Aliyechelewa chini atasubiriwa.

Ukichoka, sema mapema. Gari la huduma si aibu. Mtu anayepanda gari Bahi saa sita mchana, kesho anaendesha. Anayekaza mpaka aanguke Manyoni analisimamisha kundi zima, na kesho haendeshi.

Kula kabla hujaona njaa

Baiskeli inakula. Kila saa unahitaji nusu lita ya maji au zaidi, na joto la Bahi linaweza kutaka karibu lita nzima. Usinywe maji matupu siku nzima, kwani jasho linatoka na chumvi. Kama huna pakiti ya kurudisha maji ya dukani, changanya mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta. Kipimo hicho kisizidishwe chumvi.

Chakula kiwe kile tumbo lako linakijua. Ndizi mbivu, tende, kashata, chapati iliyokunjwa, kiazi kitamu kilichochemshwa: kitu kidogo kila dakika arobaini, hata kama huna hamu. Dodoma utapata zabibu, Singida asali. Nyama choma na pilipili ziache mpaka jioni. Asubuhi uji na chapati vinatosha kukuondoa, na usiku kula wali au ugali wa kutosha bila kuhesabu. Chochote kipya, kiwe kinywaji cha nguvu au dawa ya maumivu, kijaribu nyumbani kwanza.

Siku ya mwisho na tiketi ya kurudi

Kutoka Mwanza njia inageuka na kufuata ziwa: Kisesa, Magu, Lamadi. Mchana upepo wa ziwa unaweza kukujia usoni, basi ondokeni mapema. Karibu na Lamadi, lango la Ndabaka linaingia Serengeti, kwa hiyo kaeni pamoja na msisimame ovyo kupiga picha. Bunda mkiipita, mtafika Makutano, na hapo mnaacha barabara kuu kuingia Butiama.

Mwaka 1967, akiunga mkono Azimio la Arusha, Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza. Mtakuwa mkiifuata safari ile kinyumenyume, na mkiwa na magurudumu. Nalitaja hilo kwa sababu ya kishindo kinachowapata watu kilomita 30 za mwisho: ghafla kila mtu ana nguvu, kila mtu anataka kuingia wa kwanza. Zuieni. Kaburi la Mwalimu liko pale Mwitongo na halina mstari wa ushindi. Ingieni pamoja na yule wa mwisho.

Sasa, kurudi. Tarehe 14 Oktoba ni sikukuu ya kitaifa, na wageni wote wanataka kuondoka siku moja. Kata tiketi ya kutoka Musoma au Mwanza kabla hujaondoka Dar, ulizia boksi la baiskeli, na weka nauli pembeni, mahali ambapo hutaigusa Singida. Nimeona mashujaa wa kilomita 1,300 wakipiga simu nyumbani kuomba nauli.

Nilipopanga mkoba wangu wa kurudi ile mara ya pili, tyubu zilikuwa mbili. Ya tatu niliitoa Igunga, kwa binti aliyekuwa kwenye msafara wake wa kwanza. Alishukuru mno, akaahidi kunilipa. Nikamuuliza, "Mwanangu, mwakani utakuja na ngapi?"